Ndege Zimehesabiwa, Marubani Je?

Mlowo, mkoani Songwe, ni mji wa kupita. Malori yanayoelekea Tunduma kuvuka kwenda Zambia na Kongo hupunguza mwendo hapa, treni ya TAZARA hupiga honi na kuendelea na safari, mahindi hupimwa, magunia ya kahawa ya Mbozi hupakiwa, bodaboda hugombea abiria anayeshuka na mzigo. Jirani na mji huu, hata hivyo, kuna kitu ambacho hakijasogea hata kidogo tangu kilipofika. Ni Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 12, lililolala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kijijini Ndolezi.

Hakuna simulizi ya mababu inayoeleza siku kilipoanguka. Kilishuka zamani mno, kabla ya wote wanaokumbukwa. Lakini habari zake zimeandikwa zikaandikika. Takribani asilimia 90 yake ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa walimwengu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikifahamu siku zote. Mwaka 1967 kikawekwa kwenye orodha ya kumbukumbu za taifa. Udongo ulichimbwa kukizunguka ili kionekane chote, na hata pale msumeno ulipokata kipande cha kupeleka maabara, mgeni huonyeshwa alama yake na kuelezwa. Mtoto wa shule ya msingi wa Mlowo aliyekwenda kukiona pamoja na wenzake hurudi nyumbani akiwa na la kusimulia.

Hivyo ndivyo Tanzania inavyotunza kitu kilichodondoka kutoka angani bila mtu kukitarajia, bila mtu kukiomba. Ni jambo jema. Kwa kipimo hichohicho, nchi inadaiwa habari za ndege zake tatu za kivita zilizoanguka katika Kanda ya Ziwa, siku za mwanzo za Vita vya Kagera, na habari za vijana waliokuwa wakizirusha.

Kisa chenyewe ni kifupi, na ufupi huo ndio unaouma. Oktoba 1978 ndege za Uganda zilishambulia Bukoba na Kyaka. Tarehe 30 mwezi huo majeshi ya Idi Amin yakamiminika katika eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera, ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 1,800, yakaua, yakapora ng'ombe, yakachoma nyumba. Novemba 2 Rais Julius Nyerere akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, na kupitia redio taifa zima likasikia kwamba nchi iko vitani. Siku iliyofuata daraja la Kyaka likalipuliwa na wavamizi. Katika taharuki hiyo ya siku za kwanza, ndege tatu aina ya MiG za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) zilitunguliwa. Aliyezitungua hakuwa adui. Zilitunguliwa na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe, waliodhani Waganda wamerudi.

Vitabu vya historia ya vita vile husema hivyo, kisha vinaendelea na mambo mengine. Ndege tatu. Idadi ipo, aina ya ndege ipo, kosa limetajwa. Waliokaa kwenye usukani mara nyingi hawatajwi, kana kwamba ndege zile zilijirusha zenyewe.

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, ni vizuri kusimama kidogo mahali aliposimama yule askari wa kutungua ndege. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata mita 250 kila sekunde. Kombora la kufyatulia begani ambalo JWTZ ililitumia katika vita vile, lile lililotengenezwa na Warusi na kujulikana kwa askari kama SAM-7, hufika umbali wa kilomita zipatazo nne tu. Kwa hiyo tangu ndege iingie katika uwezo wa kombora mpaka imfike askari kichwani ni sekunde kama 16. Ndani ya sekunde hizo anatakiwa aione, aitambue, aamue, alenge, afyatue. Kombora lenyewe hufuata joto la injini, na joto halina utaifa.

Tena ndege zenyewe zilifanana. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 kutoka Usovieti. Tanzania ilikuwa na ndege zilizoundwa China kwa kufuata michoro ileile ya Kirusi: pua ileile iliyo wazi kama mdomo wa bomba, mabawa yaleyale yaliyolala nyuma, ngurumo ileile. Mtu aliyekuwa Bukoba wiki chache kabla, akaona MiG ikidondosha mabomu juu ya mji, angewezaje kuiona MiG nyingine inakuja kasi juu ya ziwa na kusema kwa utulivu kwamba hii ni ya kwetu? Kitu pekee kingeweza kumsaidia, nacho ni taarifa. Mtu wa kumwambia mapema kwamba saa fulani, kutoka upande fulani, ndege zetu zitapita. Kati ya uwanja wa ndege na kikosi kilichokuwa na makombora, taarifa hiyo haikufika kwa wakati, au haikufika kwa namna ya kumfanya askari ashushe silaha.

Jeshi la anga lilikuwa changa mno. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilianza kuisaidia Tanzania kuunda kikosi cha ndege, lakini mwanzoni mwa 1965 ikaondoa wakufunzi wake kwa hasira, kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo nchini. Canada ikashika nafasi hiyo hadi 1970. Kisha ikaja China, ikajenga kambi ya ndege za kivita Ngerengere, mkoani Morogoro, ikaleta ndege na kuwafundisha vijana wa Kitanzania kuzirusha. Ina maana kwamba mwaka 1978 nchi ilikuwa na kizazi kimoja tu cha marubani wa ndege za kivita. Walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa vijana.

Inafaa kuwafikiria vijana hao walivyokuwa. Mtoto aliyezaliwa miaka ya 1950 katika kijiji cha wakulima, Mbozi au Tarime au Masasi, akiota moto jioni na kaka zake, akatembea kwa miguu kwenda shule, akafaulu hesabu na fizikia wakati wengi wa rika lake waliishia darasa la nne. Akachaguliwa, akapimwa macho na moyo, akasafirishwa hadi China, akasoma kwa kupitia mkalimani, akala vyakula asivyovizoea, akajifunza kukaa peke yake ndani ya chombo cha chuma na kukipeleka juu ya mawingu. Taifa maskini lilitumia fedha nyingi sana kumfikisha pale. Aliporudi likizo kijijini, wadogo zake walitaka kushika kofia yake. Kisha vita vikaja, akapewa amri ya kuruka, akaruka.

Ndege za aina hiyo huwa na kiti kimoja. Ndani ya kila moja palikuwa na mtu mmoja mwenye mama, mwenye kabila na ukoo, mwenye deni dukani na barua aliyokuwa hajaijibu. Huyo ndiye aliyepotea katika hesabu ya ndege tatu.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya vita hupotea, ndivyo yalivyo, na kwamba zamani haikuwa na kompyuta. Jibu liko katika ardhi ya Tanzania yenyewe, kwenye mikoko ya Rufiji. Tarehe 6 Januari 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege ya majini ya Waingereza iliharibika injini juu ya delta na kulazimika kutua. Ndani yake walikuwemo rubani Edwin Moon, fundi wa mashua kutoka Southampton, na Kamanda Richard Bridgeman aliyekuwa mwangalizi wake angani. Waliiteketeza ndege isichukuliwe na Wajerumani, wakaanza kutafuta njia ya kutoka kati ya vijito, matope na mizizi ya mikoko. Walitangatanga siku tatu bila chakula cha maana. Wakaunda chelezo, maji yakawachukua mpaka baharini, na Bridgeman akafa kwa kuchoka kabisa. Moon alitupwa pwani akiwa hai, akakamatwa. Aliachiwa huru mwishoni mwa 1917, akapewa nishani, akafa mwaka 1920 katika ajali nyingine ya ndege huko Felixstowe, Uingereza.

Yote hayo yanajulikana karibu siku kwa siku, miaka zaidi ya 100 baadaye. Yanajulikana kwa sababu aliyenusurika aliulizwa na majibu yake yakaandikwa, na kwa sababu kumbukumbu zilitunzwa. Mgeni aliyekufa baada ya kupotea kwenye mikoko ya Rufiji mwaka 1917 ana jina, cheo, tarehe na maelezo ya namna alivyokufa. Mwenyeji aliyeanguka kando ya Ziwa Victoria miaka 61 baadaye, akiitetea nchi yake mwenyewe, ameachwa ndani ya tarakimu. Mikoko ileile iliwameza wapagazi wengi wa Kiafrika wasiotajwa popote, na wale angalau mtu anaweza kusema walikuwa chini ya watawala waliowaona kama punda wa kubeba mizigo. Mwaka 1978 Watanzania walikuwa wanajitawala. Daftari lilikuwa mkononi mwao.

Hata jirani na Songwe hazikosekani alama za kumbukumbu za wengine. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipita na jeshi lake katika nchi hii ya Mbozi, akapigana Fife, ng'ambo ya pale ambapo leo ni mpaka wa Tunduma, akaendelea kusini hadi habari za kumalizika kwa vita zilipomkuta, na tarehe 25 akasalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Zambia ina mnara wa kumbukumbu ya kisa hicho kwenye mto Chambeshi. Watalii husimama, husoma, hupiga picha.

Suala la Kagera lina ugumu wake, na ugumu huo lazima usemwe wazi. Hakuna jeshi linalopenda kusimulia siku lilipowaua watu wake. Aibu hiyo ni ya dunia nzima. Mwaka 1940 gavana wa Italia huko Libya, Italo Balbo, mtu mashuhuri na rubani maarufu, alitunguliwa na mizinga ya Waitalia wenzake alipokuwa akitua Tobruk, dakika chache tu baada ya ndege za Uingereza kushambulia hapohapo. Sababu ilikuwa ileile ya ziwani: watu waliokwisha kushtuka hupiga kwanza.

Kisa kinachofanana zaidi na cha Kagera, hata hivyo, kilitokea Uingereza tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya nchi hiyo kuingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Asubuhi ile king'ora kililia kwa kosa. Ndege za kikosi namba 56 zilipaa kutoka North Weald, na mbili kati yake, zilizochelewa kidogo, zikawa zinafuata nyuma ya wenzao. Kutoka chini zilionekana kama adui anayewakimbiza Waingereza. Ndege za kikosi namba 74 zikatumwa, zikazishambulia. Rubani Montague Hulton-Harrop, mwenye umri wa miaka 26, akafa papo hapo. Alikuwa rubani wa kwanza wa ndege za kivita wa Uingereza kufa katika vita ile, na aliuawa na wenzake kabla ya kumwona Mjerumani hata mmoja angani.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kusomwa kwa makini hapa kwetu. Marubani wawili waliofyatua risasi, John Freeborn na Paddy Byrne, walipelekwa mahakama ya kijeshi mwezi uliofuata. Kiongozi wao, Sailor Malan, mtu wa Afrika Kusini aliyekuja kuwa shujaa mkubwa wa vita ile, alitoa ushahidi dhidi yao. Mahakama ikawaachia huru, ikiona kwamba lilikuwa kosa la bahati mbaya. Kesi iliendeshwa kwa siri. Lakini jina la marehemu halikufichwa. Hulton-Harrop alizikwa North Weald, karibu na uwanja aliopaa asubuhi ile, na kaburi lake lipo mpaka leo. Na mfumo ukatengenezwa: vifaa vya kuitambulisha ndege ya rafiki kwenye rada viliharakishwa, na namna vituo vinavyopeana taarifa ikarekebishwa, kiasi kwamba mwaka uliofuata, mashambulizi makubwa ya Wajerumani yalipokuja, Waingereza walikuwa tayari.

Freeborn aliishi hadi 2010, akafa akiwa na umri wa miaka 90. Uzeeni alisema kwamba hupita siku chache sana bila kumkumbuka kijana yule. Kuna faraja fulani katika hilo, hata kwa aliyefyatua, kwamba mzigo wake ulikuwa na jina na angeweza kuutaja mbele za watu.

Majeshi ya leo hayajaondokana na balaa hili. Machi 2003, katika vita vya Iraq, kombora la Patriot la Wamarekani liliitungua ndege ya Tornado ya Uingereza iliyokuwa ikirudi kambini Kuwait, wakafa watu wawili waliokuwemo. Mwaka uliofuata Uingereza ilichapisha ripoti iliyoeleza kifaa kipi hakikufanya kazi. Februari 2019 India iliitungua helikopta yake yenyewe huko Kashmir kwa kombora lake, wakafa wanajeshi sita na raia mmoja. Miezi kadhaa ilipita kwa minong'ono. Oktoba mwaka uleule mkuu mpya wa jeshi la anga, Rakesh Bhadauria, akasimama mbele ya waandishi wa habari na kusema lilikuwa kosa kubwa la jeshi lake. India haikubomoka kwa maneno hayo. Familia zilipata kujua, na kujua ni sehemu ya kuzika.

Karibu zaidi na nyumbani, ingawa hapo hakuna aliyetunguliwa, Agosti 2012 helikopta za kivita za Uganda zilizokuwa safarini kwenda kupigana na al-Shabaab Somalia zilianguka kwenye Mlima Kenya. Rais Yoweri Museveni aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Jenerali Salim Saleh. Mtu anaweza kubishana na mengi kuhusu jeshi lile, lakini msiba ule ulizungumzwa hadharani Kampala, Nairobi na hata kwenye vijiwe vya kahawa vya Tanzania.

Kwa upande wa Tanzania, siku ya kuwazungumzia wafu wa vita ipo. Kila Julai 25 ni Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, balozi anayewaongoza mabalozi wenzake huweka shada la maua, wengine huweka upinde na mishale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, viongozi wa dini husali. Ni sherehe nzuri, yenye heshima, na vifaa vyake vimetoka kwa mababu. Kule Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya askari wa vita vya Kagera, na Naliendele, mkoani Mtwara, wamelala waliokufa wakisaidia Msumbiji. Hakuna anayeweza kusema taifa limewatupa wafu wake.

Lakini mashujaa hao hutajwa kwa pamoja. Mkuki ni mmoja kwa wote. Kwa askari wa miguu aliyelala Kaboya, pamoja na wenzake, msalaba au jiwe linaweza kubeba jina. Kwa rubani hali ni nyingine. Rubani hufa mbali na kikosi chake, mara nyingi bila mwili wa kurudisha, na huyu wa Kagera alikufa kifo ambacho ilikuwa vigumu kukitangaza redioni huku nchi ikihamasishwa kwenda kupigana. Mtu anaweza kuelewa kwa nini Novemba 1978 haikuwa saa ya kueleza. Jeshi lilikuwa linakua kutoka watu wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, mgambo wakikusanywa kutoka mikoani, malori ya watu binafsi na ya mashirika yakichukuliwa kubeba askari na chakula kwenda Kagera. Habari kwamba ndege zetu tumezitungua wenyewe ingevunja mioyo. Sababu hiyo ilikuwa na uzito wake wakati ule. Ilikwisha uzito siku Kampala ilipoanguka, Aprili 11, 1979.

Jambo moja hasa linaonyesha jinsi kumbukumbu inavyoweza kupotoka. Mwishoni mwa Machi 1979 Muammar Gaddafi, rafiki wa Amin, alituma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 kwenda kulipua ghala la mafuta Mwanza. Ilikosea shabaha. Mabomu yakaanguka kwenye hifadhi ya wanyama na kuua swala wengi, na siku chache baadaye ndege za Tanzania zikajibu kwa kushambulia Entebbe, Jinja na Kampala. Swala wale wameandikwa katika vitabu vinavyosimulia vita vile. Wanastahili, maana kisa chao kinaeleza jambo la kweli kuhusu vita. Ila ukurasa uliopata nafasi kwa swala wa Mwanza unayo nafasi pia kwa marubani wa zile ndege tatu.

Na marubani wale walioshambulia Entebbe mwaka 1979 walikuwa akina nani? Walikuwa wenzao wa karibu kabisa: waliosoma darasa moja, wakalala bweni moja, wakafundishwa na wakufunzi walewale. Walipaa wakijua kilichowapata wenzao miezi mitano tu kabla, wakijua kwamba wakirudi watapita tena juu ya makombora ya watu wa kwao. Walipaa hata hivyo. Ujasiri huo hauwezi kuelezwa sawasawa bila kuzitaja zile ndege tatu. Anayezificha ndege zile anapunguza na sifa ya waliobaki.

Kinachotakiwa si kikubwa. Makao makuu ya jeshi yanapaswa kuwa na kumbukumbu za nani aliruka na ndege ipi. Jeshi lolote linalolipa mishahara huzitunza kumbukumbu kama hizo. Majina yatolewe. Pamoja na jina, umri, kijiji alikozaliwa, shule aliyosoma, na maelezo mafupi ya kilichotokea, bila kumtaja aliyefyatua. Huyo wa mwisho asiguswe. Naye alikuwa kijana, alifanya kazi aliyofundishwa, na kwa vyovyote vile amekwisha kujihukumu vya kutosha. Somo la Waingereza la mwaka 1939 linafaa hapa pia: kosa lilikuwa la mfumo uliokuwa bado unajengwa, vita vikaukuta haujakamilika.

Watakaopinga watasema kutaja ni kutonesha kidonda. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini imewasahau watu wenye kidonda. Katika nyumba nyingi za nyanda hizi za juu kusini, mtu akifa mbali na mwili usirudi, msiba haufungwi vizuri. Wazee hukaa, hula, huondoka, lakini wenye nyumba hubaki na maswali ya usiku. Alikufaje? Alikuwa na nani? Aliteseka? Jamaa akiulizwa na watoto kuhusu mjomba wao rubani, hujibu kwa maneno mawili, "alikufa vitani", kisha hubadilisha mazungumzo kwa kuwa hana la kuongeza. Ukweli mgumu angalau humpa mtu kitu cha kushika.

Wapo pia wanaoona mambo haya ni ya Kagera na Mwanza, hayawahusu watu wa Mlowo, walio kilomita nyingi kusini. Siyo hivyo. Mwaka 1978 reli ya TAZARA ilikuwa na miaka miwili tu tangu ikabidhiwe, na ilijengwa na Wachina walewale waliojenga Ngerengere. Wakulima wa Mbozi, wilaya iliyokuwa bado ndani ya mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa mwaka 2016, walichangia vita vile kama Watanzania wengine, kwa mazao, kwa mifugo, kwa vijana. Leo watoto wao wakiinua macho huona ndege zikienda na kutoka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, na wapo kati yao wanaotaka kuwa marubani. Mwalimu wa historia akiulizwa darasani Mlowo marubani wa Tanzania waliokufa vitani ni akina nani, anastahili kuwa na jibu ubaoni.

Muda ndio unaobana. Rubani aliyekuwa na miaka 25 wakati ule atatimiza 75 mwaka 2028. Askari wa kombora aliyekuwa na miaka 20 atakuwa na 70. Wakufunzi, mafundi waliokuwa wakijaza mafuta, wapokea simu wa kambini, waliobeba taarifa na walioichelewesha, wanazidi kupungua kila mwaka. Watu wanaoweza kusema "nilikuwepo, nilimwona akivaa kofia akapanda" wapo bado, lakini wengi wao sasa wanatembea na fimbo. Chuo kikuu chochote nchini kingeweza kuwatuma wanafunzi wake na kinasa sauti kwa likizo moja tu, jeshi likitoa ruhusa, na kazi kubwa ingekuwa imefanyika.

Oktoba 2028 Vita vya Kagera vitatimiza miaka 50. Bila shaka patakuwa na gwaride, hotuba na mashada. Pale ufukweni mwa ziwa, Mwanza, siku hiyo, kabla ya tarumbeta kulia, ofisa mmoja wa jeshi la anga asimame na karatasi mkononi, asome cheo, jina, na kijiji. Asome polepole, kwa sauti, ili shangazi aliyeletwa kwa basi kutoka mbali na kukalishwa mstari wa mbele asikie jina la mtoto wa kaka yake likitamkwa na mtu aliyevaa sare ileile.